Boti mbili Kilifi: ipi ije Lamu?

Swali: Salaam alaikum, fundi. Mimi ni nahodha hapa Shela, tuna mashua mbili za kutembeza wageni, mimi na ndugu zangu. Sasa tunataka boti ya matanga ya faiba yenye vyumba, wageni walale baharini hadi Kiwayu na kurudi. Kuna mbili zinauzwa Kilifi, zote za mita 11 hivi. Moja iliundwa Uingereza 1983, nyingine ilitoka kiwandani Ufaransa 2006. Mwenye ya zamani asema waundaji wa siku hizi wanauza makopo matupu, na kwamba yeye amebadilisha vyuma vyote kwa stenlesi ya Mombasa. Mwenye ya pili asema yake ina cheti cha daraja A, ya bahari kuu. Nani msema kweli? Na hivyo vyuma vya madukani ni vya kuaminika?

Jibu: Waalaikumu salaam, nahodha. Wauzaji wako hawakukudanganya, ila kila mmoja amekuonyesha upande unaomfaa yeye. Nikwambie mapema: kwa maji yetu ya Lamu, ile ya 2006 mimi nisingeileta. Ile ya 1983 ningeichukua, lakini baada ya kufunguliwa sehemu chache ambazo muuzaji hatapenda zifunguliwe.

Tuanze na hayo "makopo matupu". Faiba ilipoingia kwenye yoti miaka ya 1950, walioishika kwanza walikuwa watu wa mbao. Mwaka 1959 kampuni ya Pearson ya Marekani ilipeleka kwenye maonyesho ya New York boti ya futi 28 na ushei iitwayo Triton, mchoro wa Carl Alberg, na ni miongoni mwa zile zilizofungua njia ya boti za familia kutoka kiwandani kwa mamia. Umbo lake lilikuwa la mbao bado: mkuku (uti wa chini wa boti) mrefu, usukani umeshikana na mkuku. Na kwa kuwa hakuna aliyejua faiba itakuwaje ikishapigwa na jua na chumvi miaka 30, waundaji wa enzi ile waliitandaza nene. Hizo ndizo boti ambazo wazee wa bandarini huzisifia, na sifa wanastahili.

Lakini 1983 si 1959, na hapo ndipo muuzaji wako anapopaka rangi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na rezini, ile gundi ya majimaji inayoshikanisha nyuzi za faiba, hutoka kwenye mafuta hayohayo. Kila kiwanda kikaanza kuhesabu ndoo. Wakati huohuo sheria za mashindano zilikuwa zinawasukuma wachoraji kwenye boti nyepesi, pana katikati, mkuku umekatwa ukabaki pezi, usukani umetenganishwa na kuwekwa peke yake nyuma. Agosti 1979 mashindano ya Fastnet yalikumbwa na dhoruba kati ya Uingereza na Ireland. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa, boti zikapinduka, nyingine zikavunjika usukani. Baada ya pale utafiti wa namna boti inavyopinduka na kuinuka ulifanywa kwa bidii ambayo haikuwapo kabla. Kwa hiyo boti ya 1983 inaweza kuwa nzito ya mtindo wa zamani, au ikawa mtoto wa mashindano yaleyale. Mwaka peke yake haukuambii. Muulize mkuku wake ni mrefu au ni pezi, na farumi, ule uzito wa chini unaoisimamisha boti, imezikwa ndani ya faiba au imefungwa nje kwa bolti.

Jambo jingine la boti za miaka ile ni vilengelenge. Maji hupenya taratibu kwenye faiba, yanakutana na kemikali ambazo hazikukauka sawasawa, yanajaza vifuko vidogo chini ya rangi. Ukitoboa kimoja hutoka majimaji yenye harufu kali kama siki. Maji ya joto huharakisha, na yetu hayapoi. Vilengelenge vichache havizamishi boti. Tumia kama hoja ya kupunguza bei, usivifanye sababu ya kukimbia.

Sasa ile ya 2006. Si kweli kwamba waundaji wa leo hawajui kazi. Viwanda vingi sasa huvuta rezini ndani ya faiba kavu kwa pampu ya hewa badala ya kuipaka kwa brashi, na ubavu unaotoka humo huwa mwembamba zaidi, mwepesi zaidi, na mara nyingi wenye nguvu zaidi kwa uzito wake. Kilichobadilika hasa ni mteja. Beneteau walianza 1884 kwa kuunda mashua za wavuvi wa dagaa kwenye pwani ya Ufaransa, na baadaye, miaka ya 1960, wakahamia boti za starehe za faiba. Leo boti nyingi za aina hiyo huuzwa kwa kampuni za kukodisha, na mkodishaji anataka vyumba vitatu vya kulala, choo kikubwa, na mahali pa kuota jua. Ndiyo maana tezi, yaani nyuma ya boti, imepanuka ikawa karibu upana wa katikati. Omo nayo, yaani mbele, imesimama wima ili urefu wote wa boti uguse maji. Jahazi la Lamu lilikuwa na omo wima kabla hata yoti hazijasikika huku, lakini tusijivune sana, sababu zetu zilikuwa nyingine.

Upana huo si dhambi. Dhambi ni jinsi ya kuufikia ndani. Viwanda vya wakati ule vilipendelea kumimina umbo zima la ndani, sakafu na vitanda na yote, kisha kulishusha na kuligundisha ndani ya tumbo la boti kwa gundi. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu za mkuku. Ikiwa gundi imeshika, safi. Ikiwa imebanduka, huioni, kwa kuwa iko chini ya sakafu isiyofunguka.

Mei 2014 boti ya futi 40 iitwayo Cheeki Rafiki, muundo wa Beneteau First 40.7, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua. Mkuku ulitoka katikati ya Atlantiki, boti ikapinduka, watu wanne wakapotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugonga chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha ile gundi kati ya umbo la ndani na tumbo. Sikutajii hili nikuogopeshe na jina la kiwanda. Boti za muundo huo zimevuka bahari nyingi bila taabu. Nakutajia kwa sababu ya neno moja: kugonga. Wewe wajua mafungu ya kuingilia Kipungani yalivyo, na mlango wa Mkanda ukichelewa maji kidogo tu. Maji ya bamvua hapa hushuka zaidi ya mita 3. Nahodha wa Lamu ambaye hajawahi kupwelewa bado hajaanza kazi. Boti ambayo kila ikigusa fungu inabidi upakue sakafu kujua kama iko salama, hiyo si ya huku.

Kile cheti cha daraja A ni cha kweli, lakini soma kinachosema. Kanuni za Ulaya, zilizoanza kulazimishwa 1998, zinagawa boti kwa upepo na mawimbi ambayo muundo wake unatakiwa kuyastahimili: A ni upepo unaozidi nguvu 8 za kipimo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4, B hadi nguvu 8 na mita 4, C hadi nguvu 6 na mita 2. Ni hukumu ya boti mpya siku iliyotoka kiwandani, na idadi ya watu iliyoandikwa. Haisemi neno juu ya bolti iliyokaa kwenye unyevu miaka mingi. Na safari ya Kiwayu ni ya pwani, haina haja ya A.

Kama ungeniuliza umbo gani linatufaa, ningekuelekeza kwa Waingereza wanaoishi na matope kama sisi. Westerly Centaur, boti ya futi 26 iliyoanza kuundwa 1969 na kuuzwa zaidi ya 2,000, ina mikuku miwili midogo pembeni. Maji yakipwa inasimama yenyewe kwenye mchanga, huhitaji gadi, miti ya kuiegemeza. Yako itahitaji gadi, na usukani wa pezi, ule unaoning'inia bila kitu cha kuukinga mbele, utakuwa wa kwanza kugusa siku boti itakaporudi nyuma kwenye mkondo.

Basi tuje kwenye vyuma, maana hapa ndipo pesa yako itakapookoka au kuliwa.

Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za kumbi, haukuwa na msumari hata mmoja wa kushika kutu. Tulipoingia kwenye misumari, mafundi wa Matondoni walijua adui ni nani: tundu litobolewe kwanza kwa keke, pamba iliyolowa mafuta izungushwe chini ya kichwa cha msumari, ndipo upigwe. Kazi yote ile ni kuzuia maji yasimfikie chuma mahali asipopumua. Mwenye kuelewa hilo ameelewa stenlesi pia.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina kromiamu inayotengeneza utando mwembamba juu yake, na utando huo unahitaji hewa ili ujirudishe ukikwaruzwa. Mzibie hewa, mwachie maji ya chumvi, na analiwa kimyakimya. Niliwahi kuivuta bolti ya sitaha kwenye boti iliyokuwa imelala Manda: kichwa kinang'aa, nati inang'aa, na sehemu ya katikati, iliyokuwa ndani ya mbao iliyolowa, imeliwa ikawa kama penseli iliyotafunwa na mtoto wa chuo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia mlingoti. Aliyeitazama kutoka nje angesema vyuma vya boti hii vipya.

Ndiyo maana "nimebadilisha vyote" hakunitoshi. Amebadilisha vipi? Mara nyingi mtu hubadilisha vinavyoonekana: vyuma vya kushika mkono, vifungio vya kamba, ngazi ya kuogelea. Mwambie akuonyeshe risiti, kisha tazama kichwa cha bolti. Bolti ya stenlesi iliyotengenezwa vizuri imepigwa muhuri. A2 ni ile ya jikoni na ya majengo, ambayo wengine huiita 304. A4 ndiyo ya baharini, 316, yenye molibdenamu kati ya asilimia 2 na 3 inayoisaidia kupigana na chumvi. Utaona A4-70 au A4-80, namba ya mwisho ni ya nguvu. Ukiona 8.8 hiyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, hata kikimeremeta vipi.

Hadiwea nyingi za Mombasa, na za hapa mjini pia, zinauza A2 kwa sababu ndiyo inayonunuliwa na mafundi wa mageti. Muuzaji akikwambia "stenlesi ni stenlesi", hajakudanganya, hajui tu. Wapo wanaoagiza A4 ukiwaomba kwa jina, na bei ni ya juu. Bolti isiyo na muhuri wowote mimi siitii kwenye kazi ya kubeba mlingoti, hata nikipewa bure. Na achana na ile habari ya sumaku. A2 na A4 zote mbili hazishikwi na sumaku zikiwa laini, na zote mbili zaweza kushikwa kidogo zikishakunjwa na kugongwa kiwandani. Kuna dawa ya matone ya kupima molibdenamu ambayo wauza vyuma wakubwa wanayo. Hiyo husema kweli.

Kitu cha kwanza cha kufungua, basi, ni vile vipande vya chuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti ubavuni, mahali vinapopita kwenye sitaha. Sitaha nyingi za boti za miaka ya 1980 zina mti mwepesi wa balsa katikati ya faiba mbili. Maji yakipita pembeni ya chuma, balsa inaoza na chuma kinaliwa, vyote pamoja. Gonga sitaha kuzunguka hapo kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu ni nzuri, sauti ya kufa ni mbao iliyooza. Kisha mtoe kimoja, cha upande wowote utakaochagua wewe, si yeye.

Cha pili ni vali za tumboni, zinazopitisha maji ya injini, choo na sinki. Hapa boti mpya ya Ulaya inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9093 kilihesabu chuma kuwa kinastahimili kutu ikiwa hakiharibiki ndani ya miaka mitano ya matumizi. Miaka mitano! Kwa hiyo viwanda viliweza kuweka shaba njano ya kawaida, yenye zinki nyingi, na kuwa ndani ya sheria. Maji ya chumvi huinyonya zinki ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje ina umbo lake lilelile, lakini ukiipiga teke inakatika. Kwaruza kwa kisu: ikitoka rangi ya njano bado ni nzima, ikitoka waridi ing'oe. Ukisoma CW617N kwenye mwili wake, hiyo ndiyo shaba njano ya kawaida. CW602N au herufi DZR, shaba njano inayokataa kunyonywa zinki, ni bora. Bronzi ni bora zaidi. Mimi siku hizi napendekeza zile za plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo, kama TruDesign za New Zealand, kwa kuwa hazili wala haziliwi. Wazee hunicheka kwa hilo, lakini boti zao ndizo zenye pampu zisizozimwa.

Tatu, nyaya za mlingoti. Tazama miisho ya chini, pale waya unapoingia kwenye kikombe cha chuma kilichobanwa kwa mashine. Maji hutiririka humo na kukaa. Piga picha kwa simu, ikuze, tafuta ufa mwembamba kama unywele au mstari wa kutu unaotoka ndani. Ukiona waya mmoja umekatika, basi seti nzima ni ya kubadilishwa, na watu wa bima hupenda ibadilishwe kila miaka 10 hata isipoonyesha kitu. Wakati wa kubadilisha chukua miisho inayofunguliwa kwa spana badala ya ile ya kubanwa; hiyo utaifungua mwenyewe Shela na kuitazama.

Nne ni usukani. Ndani ya pezi la faiba kuna mhimili wa stenlesi na vipande vilivyochomelewa juu yake, na kila kitu kimezungukwa na povu. Maji yakiingia juu, yale yale ya bolti yanatokea kwenye weldi. Boti ikiwa juu ya gadi siku mbili na usukani bado unadondosha maji ya kahawia, hesabu kuwa unanunua usukani mpya.

Mengine ni madogo. Kapi na winchi za kampuni zinazojulikana, Harken au Lewmar, hata za zamani, hufunguka, husafishika, na vipuri hupatikana. Kopi zisizo na jina huwezi kupata hata springi. Bolti za stenlesi zilizoingia kwenye mlingoti wa alumini bila kupakwa kitu cha kuzitenganisha zitakuwa zimeganda, na alumini kuzizunguka imegeuka unga mweupe. Mnyororo wa baura, yaani nanga, chukua wa zinki ya kuchovya, wenye alama ya daraja kwenye pete, na usinunue wa stenlesi kwa maji ya joto haya. Zinki ina adabu: huanza kutoa kutu ya nje ukaiona, ndipo ikatike. Stenlesi hukatika ikiwa imevaa nguo za harusi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ya 2006 ingekuwa na maana kama mngeifunga Kilifi au Mombasa kwenye kina cha kudumu na mkamlipa mtu wa kuitazama. Ya 1983 ni ya Lamu ikiwa mkuku wake ni mrefu au pezi fupi pana, na haizidi kina cha mita 1.8. Ikiwa farumi yake imefungwa kwa bolti, omba moja ichomolewe au ikazwe upya mbele yako, na ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, ikaushwe kabisa kabla, maana bolti isiyoshika huanza kwa kulilia maji pembeni yake. Akikukatalia kufungua hata vali moja, mpe mkono kwa heshima, mrudi zenu.

Akikubali, toa kwenye bei gharama ya vali zote, nyaya zote na bolti za A4 za ubavuni, na zibadilishe zikiwa Kilifi, si baada ya kufika. Usiilete kwa kaskazi, utapigana nayo njia nzima. Usiilete Juni wala Julai, kusi liko kwenye nguvu zake. Ngoja demani, kusi linapoishia, upepo uwe nyuma yenu na bahari imelegea. Nyaya mpya hunyooka katika saa za mwanzo, kwa hiyo ingieni Malindi, kazeni tena, ndipo mwendelee.